Mayai manne kwa watu wanane

Katika nyumba fulani tungali tunasikia: yai ni la baba na la mgeni, mtoto akilizoea atakuwa mwizi. Tuache maneno hayo. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, na bwaki humkaribia mtoto anayeshibishwa bugali ya muhogo peke yake.

Mayai ni bei? Basi tuyaongeze mboga. Huna furu? Mbabula inatosha.

Tafuta mayai 4, fungu moja la lengalenga, kitunguu 1, nyanya 2, vijiko 4 vya unga wa ngano, nusu glasi ya maziwa, chumvi na mafuta kidogo. Tia mayai katika maji: linaloelea limezeeka, liache.

Chemsha lengalenga, kamua maji yote, katakata. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka zikauke. Koroga unga na maziwa, ongeza mayai na chumvi, kisha changanya vyote. Paka sufuria mafuta, mimina. Weka juu ya makala machache, funika, na juu ya kifuniko cha chuma weka makala mengine ya moto. Ngoja dakika 20 hivi. Chomeka kisu katikati: kikitoka kikavu, imeiva.

Kata vipande 8. Kila mmoja anapata nusu yai. Mtoto aliyefikisha miezi 6 naye anaweza kula yai lililoiva vizuri, ukimpondea. Anza kugawa kwa mdogo kabisa, umalize kwa baba.