Kujitawala kwa Mtoto: Tabia ya Kuzaliwa au Kazi ya Darasa?

Katika taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi, mwalimu huandika neno juu ya tabia ya kila mtoto. Hapo ndipo tunapokuta maneno kama "hana uvumilivu", "hukata tamaa upesi", "hawezi kujitawala". Maneno hayo huandikwa kwa dakika moja, lakini humfuata mtoto kwa miaka mingi. Maoni yangu, ndugu wanachuo, ni kwamba mwalimu hana haki ya kuyaandika kabla ya kulichunguza kwanza darasa lake mwenyewe. Uvumilivu na kujitawala ni kazi za ubongo, na ubongo huzitenda kazi hizo vema au vibaya kulingana na hali unayowekwa.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hasa hutuwezesha kuzuia pupa, kukumbuka lengo na kupanga hatua. Sehemu hii hukomaa polepole kuliko nyingine, hata mtu apitapo umri wa miaka 20. Ndani zaidi, katikati ya pande mbili za ubongo, ipo sehemu nyingine inayohusika na kujikaza mbele ya ugumu. Mwaka 1973 hakuna aliyeweza kulionyesha jambo hili waziwazi; mwaka 2013 Josef Parvizi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliichochea sehemu hiyo kwa umeme hafifu kwa wagonjwa wawili wa kifafa. Wote wawili walieleza kwamba walihisi kana kwamba shida fulani inawakabili, na papo hapo wakapata nia ya kuishinda. Umeme ulipokosekana, hisia hiyo haikuja. Basi kile tunachokiita "moyo wa bidii" kina makao yake kichwani, nacho chaweza kuamshwa au kufifishwa.

Hofu na msongo wa muda mrefu huififisha sehemu ile ya mbele. Sisi wa Kagera hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba hivi baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka na kulia kwa zamu, wakakosa utulivu, wasiweze kufuata masomo. Hali hiyo ilifika Nshamba, kisha Juni ikaingia katika shule ya wasichana ya Ramashenye karibu na mji wa Bukoba. Watu wakaiita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka.

Madaktari Rankin na Philip, waliotoa taarifa yao mwaka 1963, hawakukuta sumu katika chakula wala ugonjwa wa mwili. Waliona ni mfadhaiko wa nafsi ulioenea kwa watu wengi pamoja. Walimu wa Kashasha hawakupatwa. Tena, waliopatwa waliposhikwa kwa nguvu ili watulie, mara nyingine walizidi kufanya fujo. Somo kwetu liko hapo. Je, wasichana 95 walikuwa na tabia mbovu kwa pamoja, katika majuma yale yale? La hasha. Uwezo wa kujitawala uliwaponyoka, na kuwabana hakukuurudisha.

Darasani kwetu jambo hilo hutokea kwa kadiri ndogo kila siku. Mtoto anayeandikwa kuwa "hawezi kutulia" huketi nyumbani jioni nzima akichambua senene, akitoa mabawa na miguu, mmoja baada ya mwingine, bila kuchoka. Uvumilivu anao. Kazi ile anaifahamu, anauona mwisho wake, na anajua kwamba atakula. Hesabu za mwalimu hazimpi hata moja kati ya hayo matatu.

Twapenda kuwaambia watoto kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini ikiwa mbivu haiji? Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Celeste Kidd na wenzake waliwapima watoto 28 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Kila mmoja aliambiwa kwamba akingoja bila kula peremende moja, atapewa mbili. Waliokuwa wametimiziwa ahadi kabla ya hapo walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliokuwa wamedanganywa, dakika 3 tu. Mtoto asiyengoja pengine ametumia akili yake sawasawa.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanawapa wavivu kisingizio. Sivyo. Mtoto lazima adaiwe kazi, tena kazi ngumu. Ila asidaiwe asichoandaliwa. Igawe kazi katika hatua ambazo mtoto anaweza kuziona. Ukiahidi kusahihisha madaftari kesho, yasahihishe kesho. Mtoto akikosea, muulize amekwama wapi kabla ya kunyanyua sauti, na kiboko kisiwe jibu la kwanza la mwalimu aliyeishiwa maneno. Sifu njia aliyoitumia, wala si akili tu.

Mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, iwe Bukoba au Muleba, mtapewa watoto ambao wenzenu wamekwisha kuwaandika kwamba hawana uvumilivu. Wapeni kwanza majuma manne ya kazi inayoeleweka na ahadi zinazotimizwa. Baada ya hapo ndipo mshike kalamu.