Kuruta Asihukumiwe Kabla ya Risasi Kupimwa

Yapo mazoea ambayo sisi hatuyaafiki hata kidogo. Shabaha za kikosi zikiwa mbaya, wa kwanza kulaumiwa ni kuruta. Asipolaumiwa yeye, hubadilishwa kitu kimoja leo na kingine juma lijalo, hata risasi zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi zinaishia udongoni na chanzo hakijulikani. Kuruta naye huandikiwa ripoti, nayo humfuata hadi siku ya kupandishwa cheo.

Ndugu askari, njia bora ipo. R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu aliyeanza kazi Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, alifundisha kwamba yafaa kubadili mambo kadhaa kwa pamoja, kwa utaratibu. Taabu ni wingi wa majaribio: mambo 7, kila moja likiwa na hali 2, hutaka majaribio 128. Mwaka 1945 D. J. Finney alieleza namna ya kufanya sehemu tu ya majaribio hayo. Na mwaka 1946 R. L. Plackett na J. P. Burman walitoa mipango ambayo mmojawapo hupima mambo 11 kwa majaribio 12.

Tuchukue mambo matatu: risasi (za zamani au mpya), mkao (kupiga goti au kulala kifudifudi) na wakati (asubuhi au jioni). Mchanganyiko wote ni 8, lakini twaweza kuanza na 4: risasi za zamani, goti, asubuhi, mpya, goti, jioni, za zamani, kulala, jioni, mpya, kulala, asubuhi. Wapigaji wawe wale wale, na kila jaribio lirudiwe siku kadhaa, siku zikipangwa kwa kura. Kisha wastani wa risasi mpya ulinganishwe na wa zile za zamani. Kila upande una goti moja na kulala kumoja, asubuhi moja na jioni moja; hakuna aliyependelewa.

Hata hivyo nusu hiyo ina gharama yake, na hapa ndipo tunapowaonya makamanda wenye haraka. Polisi wanalijua jambo hili: washukiwa wawili wakiwa wameonekana pamoja katika kila wizi, huwezi kusema ni yupi aliyeiba. Tuseme jua la jioni humwumiza macho aliyepiga goti, lakini aliyelala halimsumbui. Katika mpango wetu, goti na jioni vilikutana mara moja tu, navyo vilikutana penye risasi mpya. Basi risasi mpya zitaonekana mbovu, nazo hazina kosa. Hesabu peke yake haiwezi kuwatenganisha washukiwa hao. Dawa ni kufyatua ile nusu iliyobaki, na aghalabu hiyo ni gharama ndogo kuliko kurudisha shehena nzima ghalani.

Kwa hiyo twataka kila taarifa ya majaribio itaje waziwazi michanganyiko iliyoachwa. Twataka pia daftari la kiwanja cha shabaha liandikwe aina ya risasi, mkao na saa, badala ya jina la askari na alama zake tu. Katika vikosi ambako daftari hilo halina safu hizo, ripoti za makuruta wenye shabaha mbaya zisitiwe sahihi kwanza.