Silabasi Isifungiwe Kabatini

Kila muhula unapoanza, mwalimu huandika maazimio ya kazi, mkuu wa idara akayatia sahihi, kisha yakafungiwa kabatini kumngoja mkaguzi. Mwanafunzi, ambaye ndiye mwenye safari, hayaoni kamwe. Hilo ndilo ninalolipinga leo.

Kweli, silabasi ya taifa ipo, nayo huandaliwa Nairobi na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Lakini silabasi hiyo haimjui kijana wa Likoni asomaye kisiwani, ambaye feri ikichelewa hukosa kipindi cha kwanza. Haimjui mwenzake wa Changamwe aliyekwama katika msongamano wa malori ya bandarini. Wakifika darasani huuliza, "Mmefika wapi?" Nani atawajibu?

Nami nilipokuwa nikifundisha niliudhika kila nilipoulizwa, "Mwalimu, hili litatahiniwa?" Baadaye nilitambua kuwa kosa lilikuwa langu. Sikuwa nimewaambia.

Dawa yake si ghali. Ukurasa mmoja watosha: shabaha ya somo, mada za kila wiki, vitabu vinavyohitajika, tarehe za majaribio na alama zake, pamoja na saa ambazo mwalimu hupatikana. Shabaha ziandikwe kwa vitendo vinavyopimika. Badala ya "kuelewa ushairi", mwalimu aandike "kutambua vina na mizani katika tarbia". Wiki moja iachwe wazi kwa ajili ya dharura. Kama hakuna fedha za kupiga chapa, wanafunzi wanakili daftarini siku ya kwanza.

Haja hii imezidi sasa. Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 10 Januari 2026, humpima mwanafunzi pia katika kazi za darasani, wala haumngojei mtihani wa mwisho. Apimwaye ana haki ya kukijua kipimo mapema.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi akipewa ratiba atamdai mwalimu. Na amdai! Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na muhula ni mali ya mtoto wa maskini.

Nawasihi wanaosomea ualimu pale Shanzu, huko Kisauni, waianze desturi hii tangu mazoezi ya kufundisha. Nanyi wanafunzi, ulizeni kwa adabu siku ya kwanza, "Mwalimu, tunakwenda wapi, na tutafika lini?"