NENO "NAKATAA" NI LA NANI?

Mcheza karata wa Nassa hahitaji kufundishwa maana ya turufu. Wenzake wameweka karata zao kubwa. Yeye atoa turufu moja ndogo, naye azichukua zote. Kura ya turufu katika serikali ni vivyo hivyo: wengi wamekubali, mmoja amekataa, na neno la yule mmoja ndilo linaloshinda. Warumi wa kale waliiita "veto", yaani "nakataza", nao waliwapa nguvu hiyo watetezi wa watu wa chini ili wakubwa wasipate kuwaonea. Asili yake basi ilikuwa ngao ya mnyonge. Lakini ngao ikiangukia mikononi mwa mwenye nguvu, yaweza kugeuka rungu.

Sisi tumekwisha kulionja rungu hilo. Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni iliizuia TANU katika Usukuma, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1958. Mkulima wa pamba hakuulizwa neno. Mwaka 1981 ndugu yetu Salim Ahmed Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Katika Baraza la Usalama mataifa matano, yaani Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, yalikuwa na kura ya turufu, na Marekani ikamzuia tena na tena, mpaka cheo kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Hapo mwenye kukataa halazimishwi kueleza sababu, wala hakuna wa kumhukumu.

Je, nguvu ya kukataa ni mbaya daima? Hatusemi hivyo. Gari lisilo na breki halifai kupandwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 97, yampa Rais uwezo wa kukataa muswada uliopitishwa na Bunge, lakini imemwekea masharti. Lazima aurudishe Bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake. Muswada huo hautapelekwa kwake tena kabla ya miezi sita kwisha, isipokuwa umeungwa mkono na Wabunge wasiopungua theluthi mbili ya Wabunge wote. Ukirudi kwa njia hiyo, Rais anazo siku 21 za kuukubali. Vinginevyo itambidi alivunje Bunge. Na Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho huwa wazi. Wote wawili hurudi kwa wananchi kuomba kura. Hiyo ndiyo hekima ya ibara hiyo: anayekataa hutoa sababu, na ugomvi usipokwisha, mwamuzi ni raia.

Sasa tugeuke nyumbani. Watu wengi hudhani ya kuwa turufu ni mali ya Ikulu na ya mataifa makubwa tu. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema waziwazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi wala kutoa haki ya kimila ya kuimiliki pasipo kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano huo ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18: mvuvi wa Ghuba ya Speke, mama mwenye jembe, mzee mchunga ng'ombe, na kijana ambaye bado hajapata shamba. Hao wakisema hapana, Mwenyekiti na halmashauri yake hawana la kufanya.

Lakini turufu iliyobaki mfukoni haimfai mtu kitu. Siku ya mkutano huyu yuko mnadani, yule yuko ziwani, na mwingine asema, "Mambo hayo wanayajua wakubwa." Wachache wanapitisha, na mipaka inapopimwa ndipo kelele zinapoanza. Majuto ni mjukuu.

Kwa hiyo twawaambia wanachama na wafanyakazi wote: hudhurieni mikutano mikuu. Ulizeni eneo ni ekari ngapi, apewaye ni nani, na watoto wetu watalima wapi. Jambo likiwa jema, likubalini kwa moyo; anayekataa uwanja wa zahanati kwa sababu ya kijicho anaitumia ngao kumpiga jirani yake. Likiwa baya, likataeni kwa sauti, toeni sababu, na sababu hiyo iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Na ninyi viongozi, msimwite mkorofi mtu anayesema hapana mbele ya watu wote. Mwogopeni zaidi yule anyamazaye mkutanoni, kisha akanung'unika njiani.

Katiba imemtaka Rais mwenyewe aeleze sababu anapokataa. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kudai awe juu ya kanuni hiyo, wala raia hawezi kudai kwamba hakupewa turufu yake.