Kuchapa Fulana Nyumbani

Mwanagenzi wa kuchapa nguo huharibu fulana kwa haraka yake kuliko kwa uhaba wa vifaa. Wamba kitambaa chembamba cha pazia juu ya fremu ya mbao, kikaze kama ngoma. Kata umbo kwenye karatasi kwa wembe, uibandike chini ya fremu. Tandika gazeti ndani ya fulana, wino usipenye mgongoni. Buruta wino wa nguo kwa kipande cha mpira, mkono usitetereke. Jaribu kwanza juu ya matambara. Ukimaliza, osha fremu papo hapo. Wino ukikaukia matunduni, kitambaa hakifai tena. Fulana ikikauka, ipige pasi wino ushike. Ya kwanza vaa mwenyewe; uza ile usiyoionea haya.