Mtoto Hasomi Akiwa Amelala

Watu husema ati mtoto mchanga hajui kitu, alale tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kabla hajasema neno, mtoto husoma kwa macho, mdomo, mikono na miguu. Akitia kijiko mdomoni, anakipima: ni kigumu, ni baridi, hakiliki.

Mwaka wa 1976 mtafiti Charles Super aliandika kuhusu watoto Wakipsigis wa Kokwet, hapa hapa Bonde la Ufa. Waliketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, kwa sababu walifundishwa na kuzoezwa nyumbani. Yale wasiyofundishwa, hawakuwatangulia.

Sasa tazama Nakuru mjini. Chumba ni kimoja na jiko la makaa liko mlangoni, kwa hivyo mtoto huachwa kitandani kutwa nzima. Si uvivu, ni hofu ya moto.

Sisi wanafunzi wa kutwa ndio huachiwa watoto jioni. Basi tutandike mkeka mbali na jiko, tumpe sufuria na mwiko, tumshike mikono asimame. Atapiga kelele, ndiyo, lakini hayo ndiyo masomo yake. Samaki mkunje angali mbichi!