UMEKWENDA BICHI NA NANI, NA SWALA UMEIACHA WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila ikikaribia Idi, swali ni lile lile: "Sheikh, inafaa Muislamu kwenda bichi?" Na kila mwaka majibu mawili yanapigana humu mitandaoni. Mmoja anasema haramu, bichi ni mahali pa shetani, funga mjadala. Mwingine anasema dini nyepesi, msitubane, kisha anashinda Coco tangu asubuhi mpaka usiku na paji lake halijagusa ardhi. Leo mnivumilie, maana WOTE WAWILI mmekosea.

NAANZA NA WEWE UNAYEHARAMISHA.

Ndugu yangu, asili ya mambo ni halali mpaka ije dalili. Katika Surat An-Nahl, aya ya 14, Allah (s.w.) ametuhesabia bahari miongoni mwa neema zake: tunakula humo nyama laini, tunatoa humo mapambo, na vyombo vinapita juu yake. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, alijibu kuwa maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Sasa wewe umepata wapi uharamu?

Utasema: kuna pombe na watu wako nusu uchi. Sawa. Basi haramu ni pombe ile na utupu ule, na kukaa navyo pamoja. Pombe inauzwa Kariakoo pia, mbona hujaharamisha kwenda Kariakoo? Pwani ya Dar es Salaam ni ndefu. Ipo Kunduchi, ipo Mjimwema, ipo Kigamboni mbele kabisa, vipo visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Kama Idi ya kwanza kunajaa maovu, nenda Jumanne asubuhi. Kama pale pana muziki na ulevi, sogea mbele. Mwambie Muislamu aende wapi, lini na vipi, badala ya kumpigia kufuli.

Halafu jiulize, pwani hii ilikuwa ya nani? Magofu ya msikiti yapo Kunduchi. Yapo Kaole, karibu na Bagamoyo. Wazee wetu waliswali jirani na mawimbi karne na karne. Leo wajukuu zao mnasema ufukwe ni wa shetani. Nani alimkabidhi?

SASA WEWE WA "DINI NYEPESI".

Adhuhuri inaingia upo kwenye maji. Alasiri unakula mihogo na mishikaki. Magharibi unatafuta usafiri wa kurudi. Isha umelala, umechoka. Swala nne kwa siku moja, tena siku ya Idi! Ukiulizwa, una majibu matatu.

Jibu la kwanza: "Hakuna msikiti karibu." Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ardhi yote imefanywa kwetu kuwa mahali pa kuswalia. Mchanga mkavu uliosafi unakutosha.

Jibu la pili: "Hakuna maji ya udhu." Subhanallah! Umesimama mbele ya Bahari ya Hindi nzima, na nimeshakutajia Hadithi yake hapo juu.

Jibu la tatu ndilo baya zaidi, maana limevaa kanzu ya elimu: "Mimi ni msafiri, nitakusanya na kupunguza." Msafiri wa wapi? Umevuka na pantoni dakika chache, au umepita darajani kwenda Kigamboni! Wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wameukadiria umbali wa safari kuwa kilomita 80 na zaidi. Bagamoyo yenyewe haifiki hapo ukitokea katikati ya jiji. Na wale wasiopima kwa kilomita, wanaotazama desturi ya watu, nao hawakuokoi: nani aliyewaaga majirani kwamba anasafiri kwenda Kigamboni?

Utaniletea Hadithi ya Ibn Abbas, kwamba Mtume (s.a.w.) alikusanya swala akiwa Madina bila hofu wala mvua. Naam, ni sahihi. Lakini waliojuzisha kwayo walisema ni kwa haja ya kweli, na isiwe mazoea. Na kukusanya si kupunguza. Kuogelea nako si dharura. Toka majini dakika kumi, uswali, urudi.

NA HAPA NASEMA NA WANAUME.

Wewe unayemkataza mkeo bichi kwa sababu ya "sitara" ndiye huyo huyo tunayekuona na rafiki zako umevaa kikaptura kinachoishia katikati ya paja. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Umesahau yako, umekariri ya mkeo tu.

Mkeo amepika pilau ya Idi tangu alfajiri. Watoto wamevaa nguo mpya, wanazunguka ndani ya vyumba viwili vyenye joto. Wewe umeondoka na bodaboda "kupunga upepo". Mtume wako (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.). Siku ya Idi alimsitiri kwa shuka yake ili atazame Wahabeshi wakicheza na mikuki, na hakuondoka mpaka Bi Aisha alipotosheka. Wewe una wivu kuliko Mtume? Tafuta sehemu tulivu, mpeleke akiwa na stara yake, kaa naye. Hiyo ndiyo Sunna unayoidai.

Na watoto usiwaachie maji huku unatazama simu. Allah ametukataza kujitupa katika maangamizi. Kupungua na kujaa kwa bahari hakusubiri umalize kupiga picha.

Mwisho, chupa na mifuko unayoacha mchangani. Kuondoa kero njiani ni tawi la imani. Wewe unaiweka kwa mkono wako, kisha unasema bichi ni chafu. Beba mfuko wako wa taka, rudi nao.

Idi hii, kabla hujatoka, hesabu vitu vitatu mlangoni: mkeo na wanao wapo? Msala upo? Saa za swala unazijua? Kama vipo, nenda, mshukuru Mola wako kwa neema ya bahari. Kama havipo, baki nyumbani, na usiisingizie bahari.

Allah atupe furaha isiyotuondolea ibada, na ibada isiyodhulumu haki za watu wetu. Amin.

Mtumie mwenye gari la kwenda bichi na wenzake. Yeye anajijua.

Wabillahi tawfiq.